Kisiwa Nilichokisema Vibaya

Nikisema nimewahi kuishi kwenye kisiwa cha Karibiani, watu huangalia viatu vyangu kwanza. Wakishamaliza viatu hupanda taratibu mpaka usoni, halafu wanacheka. Siwalaumu. Hata mimi, kabla sijaenda, ningemwona mtu aliyetoka huko amevaa ndala za sokoni ningesema huyu kisiwa amekiona usingizini.

Nilienda, tena kwa ndege tatu. Na kinachoniuma mpaka leo si yale niliyoyakuta. Kuna mtu mmoja tu niliyetaka aniamini nilipomsimulia, na yeye ndiye hakuniamini.

Mtu huyo ni dada wa Kikongo, mwenyeji wa Uvira, niliyekuwa nikisuka naye kwenye saluni moja ya katikati ya Durban, juu ya duka la simu. Ukifungua dirisha unawasikia makondakta wa teksi wanavyoita abiria, ukifunga unakufa kwa joto. Wakongo wa kwao humwita dada mkubwa yaya, nami nikamwita hivyo hivyo, Yaya, ingawa mimi ni Mtanzania wa Ujiji na dada yangu wa damu hajawahi kuvuka mto.

Tulikuwa tunasuka kichwa kimoja watu wawili. Mteja anakuja Jumamosi asubuhi, ana harusi mchana, anataka rasta nyembamba mpaka kiunoni. Mtu mmoja hawezi. Basi Yaya anashika upande wa kulia, mimi kushoto, tunakutana utosini. Ugumu wake ni mikono kulingana. Mmoja akivuta kuliko mwenzake, mteja jicho moja linapanda juu, anatoka saluni anawakonyeza wanaume mji mzima. Mimi na Yaya tulilingana mpaka mwenye saluni, mama mmoja wa Bukavu tuliyemwita Mama Bosi, akawa hajui mkono wangu unaishia wapi. Tulisuka huku tunaongea, na mara nyingi mmoja alianza sentensi mwingine akaimaliza. Ninavyoona, urafiki wetu ulikuwa vidoleni.

Sasa, kulikuwa na mteja wa Yaya wa siku nyingi, mama wa hapa hapa Durban mwenye nyumba kule Bluff. Tulimwita Madamu. Mumewe alikuwa amestaafu, na wote wawili walikuwa wameingiwa na kisiwa. Kila akija anafungua simu: bahari ya rangi ya chupa, mchanga mweupe kama sembe, nyumba ya wageni yenye vyumba sita na kibaraza. Wanauza ya Bluff, wananunua ile, wanakwenda kupumzika mpaka mwisho wa maisha yao. Wanatafuta msichana wa kupika na kusafisha, na akijua kusuka ni heri zaidi, wageni watapenda.

Alimwambia Yaya kwanza, mimi wa pili. Lakini Yaya alikuwa na karatasi ya mkimbizi, na kwa karatasi ile hata uwanja wa ndege unauangalia kwa mbali. Akachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, akasema kwa Kiingereza, "Chukua huyu mdogo wangu. Ana pasipoti."

Siku ya kuondoka alinishusha ngazi mpaka chini. "Ukifika usinisahau," akaniambia. "Fungua mulango, mi nitaingia nyuma yako."

Nikamjibu, "Yaya, mlango nitaung'oa kabisa."

Ndivyo nilivyokuwa. Kila kitu kwangu kilikuwa kinang'oleka.

*

Nyumba ya wageni ilikuwa juu ya kilima. Kwenye picha bahari ilionekana iko kizingitini, na kweli ukisimama kizingitini unaiona. Kuifikia ndiyo habari nyingine. Unashuka njia ya mawe na mbuzi, na ukishashuka unakumbuka kwamba utapanda, na vitanda sita vinakusubiri.

Maji tuliyokunywa na kuoga yalikuwa ya mvua, yanakingwa kutoka paani yanaingia kwenye tangi chini ya nyumba. Mvua ikikatika, lori linaleta. Lori lisipokuja, wageni wanaoga kwanza, maana wamelipia, halafu Madamu, halafu bwana, halafu mimi na kopo langu. Mimi, mtoto wa Ziwa Tanganyika, niliyekua nikizamia maji mpaka mama akachoka kuniita! Nilikuwa nikisimama pale na kopo nacheka peke yangu. Usipocheka utafanya nini.

Kabichi ilikuja kwa meli. Meli ikichelewa, duka lina vitunguu na tambi. Chumvi ya hewani ilikula bawaba, ikala vitasa, ikala friji, ikala pasi. Umeme ukikatika bwana anawasha jenereta, na wageni waliokuja kutafuta ukimya wanakaa kibarazani wanapiga kelele ili wasikizane. Halafu ukaja msimu wa mwani. Bahari ilitema mwani wa kahawia, lundo juu ya lundo, unaoza juani na kunuka kama mayai viza. Wageni walimwuliza Madamu kana kwamba yeye ndiye aliyeupanda. Mimi na bwana tulishuka na reki asubuhi, tukakusanya mpaka migongo ikagoma, na kesho yake bahari ikarudisha wote, na nyongeza.

Ya watu wa kisiwa sina baya la kusema. Mara ya kwanza kuingia dukani nilisema tu, "Nataka kiberiti." Yule mama wa dukani akanitazama, akaegemea meza, akasema pole pole, "Habari za asubuhi." Nikajibu. Akaniuliza, "Kwenu hamsalimiani?" Niliona aibu mpaka masikioni. Mtoto wa Ujiji, kwao salamu peke yake inaweza kula nusu saa, anaulizwa swali kama hilo! Ni mji uliokuwa umeshanifundisha kupita watu kama nguzo.

Lakini kitana changu hakikupata kazi. Kibali changu kilikuwa cha kazi za ndani kwa Madamu. Ufukweni kulikuwa na akina mama wa pale pale, wana kibanda chao na vibali vyao, wanawasuka watalii wanaoshushwa na meli kubwa asubuhi na kuzolewa tena kabla jua halijashuka. Siku moja nilikaa karibu nao nikashika nywele za binti mmoja wa kizungu, kumwonyesha tu. Mama mmoja mnene akaja akanishika bega, wala hakunisukuma. Akasema, "Binti, hapa ni chakula chetu." Nikakumbuka Mama Bosi anavyowafukuza wasusi wa barabarani wanaosimama kwenye ngazi zetu. Nikaondoa mikono. Tangu siku hiyo nilimsuka Madamu tu, peke yangu, kulia na kushoto, naye akilalamika, "Mbona siku hizi unakawia?"

Nilikuwa nakawia kwa sababu nilikuwa nusu.

*

Jumapili nilipiga simu saluni. Yaya aliweka sauti juu ili wote wasikie.

"Yaya, huku ni kugumu."

"Kugumu namna gani?"

"Maji hakuna."

Nikasikia saluni nzima inapasuka kwa kicheko, na Yaya anawageukia: "Munasikia? Iko katikati ya bahari, anasema maji hakuna!"

"Ya kunywa, Yaya. Ya kuoga."

"Na chakula?"

"Kabichi inakuja na meli."

"Kabichi na meli! Bwana yangu! Siye yetu inakuja na mama ya soko ya Warwick, kichwani." Mtu mwingine akadakia kwa nyuma, "Mwambie ale tu, lakini atuachie mifupa!"

Nami nikacheka nao, kwa sababu kweli inachekesha. Lakini Jumapili iliyofuata nilirudia, na ile nyingine, na kicheko kikaanza kupungua utamu. Mara Yaya akatoa simu kwenye sauti kubwa, akazungumza nami chini chini. "Mudogo, kama haujapata njia yangu, sema haujapata. Usiniambie kisiwa ni kibaya. Mi si mutoto."

Hapo nilimkumbuka shangazi yangu wa Ujiji. Kila nilipompigia kutoka Durban nikamwambia shangazi, mji huu mgumu, watu wanatuita majina, chumba tunalala wanne, alinijibu hivi: "Sawa mwanangu, usitutumie. Lakini usitudanganye." Na Yaya alikuwa na mama yake Uvira anayemjibu vile vile, tena tuliwahi kucheka pamoja tukisimuliana, machozi yanatutoka juu ya kichwa cha mteja. Tulijua wote wawili. Tulikuwa tukisema, watu wa nyumbani wanadhani aliye mbali akilia ni kwamba anaficha sufuria. Na bado Yaya alinisikia mimi kwa masikio ya mama yake.

Hata mwaka haukutimia. Asubuhi moja bwana alizima jenereta akabaki amesimama nayo, mkono juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe anayekufa, akasema, "Basi." Walikuwa wamekwenda kupumzika na hawakupumzika siku moja. Nyumba waliiuza kwa jirani, kwa bei ya kumwondolea mtu aibu. Kwenye ndege Madamu alilia, nikamshika mkono. Tulipofika Durban nilimsikia akiwaambia ndugu zake waliokuja kutupokea, "Tumerudi kwa ajili ya wajukuu. Kule ni peponi, lakini wajukuu!" Nikageuza uso nikaangalia mabegi.

*

Saluni walinipigia vigelegele. Mama Bosi akanikumbatia, akanizungusha kama anapima nguo. Nilikuwa nimewaletea peremende za nazi na tangawizi. Yaya alikula moja, akasema, "Tamu," halafu akaangalia begi. Alikuwa anangoja nitoe vingine. Nikalifunga.

Upande wangu wa kushoto alikuwa amekaa binti wa Burundi, mpole, mikono miepesi. Yaya akamwambia apumzike. Nilifurahi. Nikashika kitana nikasimama mahali pangu. Mteja alikuwa mama wa Kizulu, anasinzia. Tukaanza. Kwa muda nilidhani yote yamerudi.

Kisha Yaya akasema, bila kuinua macho, "Sasa tuko siye wawili. Huyu hasikii Kiswahili. Pasipoti yangu ya Kongo imetoka. Nipe njia."

"Yaya, njia ipo. Yule jirani aliyenunua ile nyumba anatafuta mtu. Lakini sitaki uende."

"Hautaki."

"Utakuwa unasugua vyoo vya watu wanaokulalamikia mwani. Kusuka hutasuka. Bahari utaiangalia dirishani. Na watoto wako Uvira watadhani unaogelea."

"Ile Madamu ilikuwa kichwa yangu," akasema. "Mi njo nilikupa."

"Najua."

"Mi nilikufungulia, weye unanifungia."

Alikuwa anavuta. Mteja akazinduka, "Eish, sisi, kancane!" yaani dada, pole pole. Yaya akaachia. Mimi nikanyoosha viganja juu ya kile kichwa, namwonyesha. Ngozi ilikuwa imechanika kwa dawa ya kusafishia, kwenye vifundo kuna mistari iliyokuwa haijapona. Nilidhani mikono haiwezi kushukiwa uongo.

Aliiangalia vizuri, kwa haki, hakufanya haraka. Kisha akasema, "Hata mi iko na mikono mubaya. Na sijatoka popote."

Akamwita yule binti wa Burundi. "Kuja huku, mama. Shika hapa."

Binti akanitazama mimi, akamtazama Yaya, masikini hajui aweke wapi miguu. Nikampisha. Kichwa kilikuwa hakijafika nusu.

Mama Bosi hakunifukuza, Mungu ambariki. Alinipa kuosha vichwa na kuwachania wengine rasta. Yaya hakunitukana wala hakuninunia, na ingekuwa afadhali anune. Alinisalimia kama anavyomsalimia mteja. Jumapili nilianza kwenda ufukweni na kitana changu, kutafuta vichwa vya watoto. Disemba watu wa bara hujaa pale, wanaingia baharini na nguo zao, wanajaza maji ya chumvi kwenye chupa wapelekee nyumbani. Baba mmoja aliyeniomba nimpige picha na familia yake aliniuliza, "Nyie mnaoishi hapa, si mnaogelea kila siku?" Nilikuwa sijalowesha hata kidole tangu nirudi. Nikamwambia, kila siku, baba. Alifurahi sana.

*

Yaya alipata njia yake. Kulikuwa na bwana anayepeleka watu kufanya kazi kwenye hoteli za visiwani. Si kisiwa kile changu, ni kingine cha huko huko. Hakuniambia. Nilisikia kwa wengine, nikiwa nachana rasta. Siku yake ya mwisho nilimngoja kwenye ngazi, akashuka na begi jipya.

"Yaya, ukiingia dukani, salimia kwanza kabla hujasema unachotaka."

"Ni ile tu?"

"Na mikono. Uipake mafuta kabla hujavaa glavu."

Akacheka kidogo, cheko la zamani. Akanigusa shavu. "Baki muzuri, mudogo." Nikamshikia begi mpaka kwenye teksi. Ilipoondoka tu, taa ya barabarani, robot kama wanavyoiita hapa, ikawa nyekundu, teksi ikasimama mbele yangu, nikabaki nampungia kama mjinga kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Naye akaangalia mbele.

Picha ilikuja baada ya wiki kadhaa, kwenye simu ya Mama Bosi. Saluni nzima ikaacha vichwa vya watu. Yaya amesimama mbele ya bahari ya rangi ya chupa, gauni jeupe, anatabasamu meno yote. Simu ilipofika kwangu niliitazama kwa utulivu. Alikuwa amekonda. Mikono ameipeleka nyuma, yote miwili, kama mtoto wa shule. Pembeni kabisa, nusu imekatwa, kuna kigari cha mashuka.

Baada ya picha kukawa na sauti. Mama Bosi akaiweka juu.

"Bapenzi, huku iko paradizo! Minaamuka, naona bahari. Minalala, naona bahari. Chakula ya kutupa. Yule mudogo alikuwa anatufanya bajinga!"

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Miaka minne nimesimama bega kwa bega na mtu huyu. Mgongo ukimuuma kweli kweli, kule jioni kichwa cha tatu, ndipo sauti yake hupanda na kukimbia, ndipo anakuwa na vichekesho, ili mteja asijue. Sauti ile ile.

Mama Bosi akaja na simu, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akaisogeza mdomoni kwangu. "Haya, wewe uliyefika. Leo sema mbele ya watu. Si ndivyo kulivyo?"

Wote wakanigeukia, wasusi na wateja, kitana kimoja kimebaki hewani. Yule binti wa Burundi aliacha mdomo wazi. Ningeweza kusema. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyarudia mwaka mzima mpaka yakalainika. Lakini sauti yangu ingefika huko, Yaya angeisikiliza amesimama kando ya kile kigari, na Uvira kuna mama yake ambaye bila shaka alikuwa ameshapelekewa picha ile ile.

"Yaya," nikasema, "ndivyo kulivyo. Mimi nilikuwa na wivu tu. Ule raha, dada yangu."

Vigelegele! Mama Bosi akanipiga mgongoni kwa furaha, "Leo umeongea kama mtu!" Mmoja akaniletea soda. Siku ile nilipendwa saluni kuliko siku yoyote tangu nirudi.

Jibu la Yaya halikuja kwenye simu ya Mama Bosi. Lilikuja kwenye yangu, neno moja: Aksanti. Nililisoma nikaigeuza simu chini mezani.

Nilipoinua kichwa, binti wa Burundi alikuwa amemfuata Mama Bosi dirishani, anamwomba, kwa adabu, mikono ameikunja, namba ya yule bwana anayepeleka watu.